Soko likiungua, kalenda ya kodi nayo isimame

Soko la Karume, Ilala, liliteketea Jumapili ya Januari 16, 2022. Miezi sita kabla yake, usiku wa Julai 10, 2021, moto ulikuwa umelikumba Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na ambalo limekuwa alama ya jiji hili tangu miaka ya 1970. Ukizitazama picha za masoko yaliyoungua Dar es Salaam unaweza kuchanganya hili na lile: mabati yaliyokunjamana, watu wanaochakura majivu wakitafuta hata sanduku la fedha, viongozi waliofika asubuhi, kamati iliyopewa siku kadhaa ilete ripoti. Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye chanzo cha moto na kwenye ujenzi mpya. Nani alaumiwe, soko litakuwa na ghorofa ngapi, nani atapewa kizimba na nani ataachwa. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini lipo jambo ambalo huwa halisemwi hadharani mpaka mtu akutane nalo peke yake, amesimama dirishani kwenye ofisi ya kodi na simu mkononi: soko limeungua, tarehe za kodi zimebaki palepale.

Mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu unaanza Januari na kuisha Desemba hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Aliyeunguliwa Karume alibaki na siku 74 kabla ya awamu ya kwanza. Aliyeunguliwa Kariakoo alibaki na siku 82 kabla ya awamu ya tatu, na awamu hiyo ilikuwa imekadiriwa mwanzoni mwa mwaka, duka likiwa limejaa mzigo.

Naamini nafuu ya kodi kwa aliyeunguliwa inapaswa kuwa haki iliyoandikwa kwenye sheria, inayoanza kufanya kazi yenyewe siku moto unapothibitishwa, na inayomfikia mwenye biashara ndogo kabla ya mwingine yeyote. Tulivyo leo ni kinyume chake. Mwenye kampuni na mhasibu ana vifungu vya kumkinga. Mwenye kizimba ana barua ya kuomba huruma.

Tuingie ndani ya hesabu, maana dhuluma hii imejificha kwenye hesabu. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo, bila kuuliza faida. Katika jedwali lililopitishwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya hadi Sh milioni 4 halipi kitu. Anayezidi milioni 4 mpaka milioni 7 analipa Sh100,000 kama hana kumbukumbu za biashara, na kama anazo analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Anayezidi milioni 7 mpaka milioni 11 analipa Sh250,000 kama hana kumbukumbu, na kama anazo analipa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Tuseme ni mama anayeuza mitumba ya watoto, mauzo yake ni Sh milioni 10 kwa mwaka. Ni kama Sh27,000 kwa siku, na humo ndimo inamotoka pesa ya belo jipya, ushuru, ulinzi, nauli na chakula cha nyumbani. Mama huyu ni makini. Ana daftari, anatunza risiti, kwa hiyo kodi yake inakuwa Sh180,000. Sasa moto unakuja mwishoni mwa mwaka, unakula mzigo, unakula na daftari. Hana tena kumbukumbu za kuonyesha. Kwa jedwali lile lile, sasa anahesabika kuwa mtu asiye na kumbukumbu, na kodi yake inapanda hadi Sh250,000. Moto umemwongezea kodi ya Sh70,000.

Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi nikitumaini kuna mahali nimekosea, na nimeishia palepale. Tofauti kati ya viwango viwili iliwekwa kwa nia njema, ili watu wapende kuweka kumbukumbu. Hakuna aliyekaa akakusudia kumwadhibu mtu aliyeunguliwa. Lakini sheria isipotaja moto, moto unasomwa kama uzembe.

Na usidhani kumbukumbu za sokoni ni rahisi kuokoa. Risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, inachapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto. Iweke karibu na jiko tu uone: inageuka nyeusi tii, huoni tarehe wala kiasi. Kwa hiyo hata yule aliyekuta bahasha yake ya risiti haikuwaka, ipo chini ya bati lililoanguka, anaifungua na kukuta vikaratasi vyeusi. Daftari la madeni ndilo linalouma zaidi. Sokoni watu wanakopeshana kwa kuaminiana, belo linachukuliwa Jumatatu na pesa inaletwa Ijumaa. Daftari likiungua, mdaiwa mwenye roho nzuri atakuja kulipa. Wengine watasubiri waulizwe, na huna cha kuwaulizia. Madeni hayo yalikuwa mtaji, na kwenye mfumo wa kodi ya mauzo hakuna mahali pa kuandika kwamba yamepotea.

Mfikirie sasa mwenzake mwenye kampuni, ghala lake likiwa mtaa wa pili. Anatozwa asilimia 30 ya faida, si ya mauzo. Mzigo ukiungua, mwisho wa mwaka hesabu zake zinaonyesha hana mzigo uliobaki, gharama inapanda, faida inapotea na pengine inakuwa hasara. Hasara hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu kuivusha kwenda mwaka unaofuata, ikapunguze kodi ya faida mpya. Kama alipoteza Sh milioni 50 na mwaka unaofuata akatengeneza faida ya Sh milioni 50, kimsingi hasara ya jana inaifuta faida ya leo. Tena sheria hiyo ina kifungu kuhusu mtu aliyepoteza mali ya biashara bila kutaka, akalipwa fidia, kisha akanunua mali nyingine badala ya ile: hahesabiwi palepale kuwa amepata faida. Ni vifungu vya busara, na sisemi viondolewe. Nasema mama wa mitumba hana hata kimoja. Mwaka unaofuata anarudi na mtaji wa kukopa, anauza Sh milioni 8, kila shilingi inayobaki inakwenda kujaza shimo la moto, na kodi yake inahesabiwa kana kwamba shimo halipo.

Kuna watakaojibu kwamba sheria inamruhusu kuchagua kutoka kwenye makadirio na kuingia kwenye mfumo wa hesabu kamili. Ni kweli. Lakini hesabu kamili zinahitaji kumbukumbu zile zile zilizoungua, na mtu wa kuziandaa ambaye naye anahitaji kulipwa. Kumwambia aliyelala na majivu kwenye kucha zake akatafute mhasibu ni kumwambia asubiri mwakani.

Wengine watasema Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina utu, mtu aende ofisini akaeleze. Nakubali kwamba sheria imeacha milango. Mlipakodi anaweza kurekebisha makadirio yake katikati ya mwaka mambo yakibadilika. Anaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Anaweza kuomba kuongezewa muda wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa yake ya kodi. Kamishna Mkuu ana uwezo wa kusamehe riba na adhabu akiridhika kwamba kuna sababu ya msingi. Ila angalia kila mlango umejengwaje: ni wa kuomba, na kila mtu anaomba peke yake. Soko zima limeungua usiku mmoja, kwa sababu moja, mbele ya Jeshi la Zimamoto na mbele ya kamera za televisheni, halafu sheria inataka kila mwenye meza aandike barua yake, aambatishe ushahidi wake, asubiri jibu lake. Aliyesoma na anayejua ofisi za serikali atafika. Bibi wa vitenge ambaye hajawahi kuandika barua ya namna hiyo hatafika, na adhabu ya kuchelewa itamfuata nyumbani.

Hata mlango wa pingamizi una kizingiti. Ukitaka kupinga makadirio unapewa siku 30, na pingamizi lako halipokelewi mpaka uwe umelipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa kati ya viwili. Kamishna anaweza kulegeza sharti hilo, kwa kuombwa tena. Kwa kampuni ni utaratibu wa kawaida. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni majivu, theluthi ya kodi ni sawa na kodi nzima, maana vyote hana.

Upande wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndiko nilikoshangaa zaidi. Sheria inampa Waziri wa Fedha nguvu ya kutoa msamaha kwa bidhaa na huduma za kukabiliana na maafa ya asili, lakini bidhaa hizo zinapoagizwa na taasisi ya serikali au kuuzwa kwake. Maafa yanajulikana kisheria, basi, yanapopita mkononi mwa serikali. Fundi anayenunua mabati na mbao kujenga upya kibanda chake kilichoungua analipa VAT kama mtu anayejenga nyumba ya pili ya mapumziko.

Nimezungumza sana ya nyumbani. Sasa tuvuke bahari, kwa sababu wako waliolipitia hili kwa ukubwa wa kutisha na wakalazimika kuandika sheria.

Januari 2025 moto wa nyika ulishuka kwenye vitongoji vya Los Angeles, Palisades upande wa bahari na Altadena chini ya milima, ukaangamiza zaidi ya majengo 16,000. Moto ulianza Januari 7. Siku chache tu baadaye mamlaka ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, IRS, ikatangaza kwamba walipakodi wa kaunti nzima ya Los Angeles wana muda hadi Oktoba 15, 2025. Ritani za mwaka zilisogezwa, na zilisogezwa pia zile awamu za makadirio wanazolipa waliojiajiri, ambazo ni ndugu kabisa na awamu zetu za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mtu mwenye anwani ndani ya eneo lile hakuhitaji kupiga simu wala kuandika barua, kompyuta ilikuwa na anwani yake, ikamsogezea tarehe. Aliyehitaji nakala za ritani zake za zamani kwa sababu zake ziliungua alipewa bila ada.

Kusogeza tarehe si kusamehe, na Wamarekani wanalijua hilo. Ndiyo maana kuna nafuu ya pili: hasara ya maafa yaliyotangazwa na serikali kuu inaweza kudaiwa kwenye ritani ya mwaka uliotangulia moto, mwaka ambao mtu alikuwa na kipato na alishalipa kodi. Matokeo yake ni kwamba anarudishiwa pesa mapema, wakati anapozihitaji kununua godoro na sufuria, badala ya kusubiri mwaka umalizike. Na ya tatu ni ya jimbo. Sheria ya California inamruhusu mwenye nyumba iliyoharibiwa kwa thamani ya dola 10,000 au zaidi kuomba ithaminiwe upya ndani ya miezi 12, ili kodi ya jengo ishuke ilingane na kilichobaki. Akijenga upya nyumba inayofanana na ile ya mwanzo, kodi inarudi kwenye msingi wa zamani. Haadhibiwi kwa kuwa na nyumba mpya.

Hata hivyo, hata huko haki haikushuka kama mvua. Novemba 8, 2018 moto ulioanzishwa na nyaya za umeme za kampuni ya PG&E uliufuta karibu mji wote wa Paradise, huko huko California, na kuua watu 85. Kampuni ilikubali kulipa waathirika wa moto huo na mingine iliyotangulia dola bilioni 13.5, sehemu yake ikiwa hisa. Malipo yalipoanza kutoka, watu wakagundua kwamba huenda wakatozwa kodi ya mapato kwenye fidia hiyo, hata kwenye fungu lililokwenda moja kwa moja kwa wanasheria na ambalo wao hawakuligusa. Mjane aliyepoteza nyumba anaonekana kwenye karatasi kuwa amekuwa tajiri mwaka huo, na utajiri huo wa karatasi unaweza kumvurugia hata misaada mingine aliyokuwa akipata. Ilichukua mpaka Desemba 12, 2024 kwa sheria ya kuondoa kodi hiyo kusainiwa, ikigusa malipo yaliyopokelewa tangu mwanzo wa 2020 na kabla ya Januari 1, 2026. Watu walingoja miaka. Wengine walilipa kodi kwanza, kisha wakaanza kufuatilia warudishiwe.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Nafuu iliyokuwa tayari kwenye sheria kabla ya moto, yaani ile ya kusogeza tarehe, ilifanya kazi kwa siku chache. Nafuu iliyosubiri wabunge wawahurumie waathirika, wasubiri uchaguzi, wasubiri bajeti, ilifika wakati vidonda vimeshakauka vibaya.

Kwa Dar es Salaam, ningeanza na lile jepesi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi iongezwe kifungu kinachosema kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likithibitisha moto katika soko, mtaa au jengo la biashara, tarehe zote za kodi za waliosajiliwa hapo zinasogea miezi 12 bila mtu kuomba. Riba haihesabiki, adhabu haihesabiki, siku 30 za pingamizi zinasimama, na sharti la theluthi halitumiki. Hili haliigharimu serikali kodi hata shilingi moja. Linachelewesha tu pesa ambayo, kusema ukweli, isingepatikana.

Gumu ni la pili, na ndilo lenye haki zaidi: mwenye kodi ya makadirio apewe namna ya kuhesabiwa mtaji uliopotea. Mimi ningependekeza kwamba awamu zilizobaki za mwaka wa moto zifutwe, na mwaka unaofuata wote asitozwe kodi ya mapato, alimradi anaendelea kutoa risiti. Nimechagua kipindi kizima badala ya hesabu ya thamani ya mzigo kwa makusudi. Ukianza kumuuliza kila mtu alikuwa na mabelo mangapi umerudi kwenye barua na dirisha, na hapo ndipo mianya ya rushwa inapozaliwa. Na kiwango cha asiye na kumbukumbu kisitumike kamwe kwa mtu ambaye kumbukumbu zake zimeungua.

Hofu ya udanganyifu naijua. Itasemwa kwamba watu watachoma vibanda vyao ili wakwepe kodi. Naomba tuheshimiane. Hakuna mwenye akili timamu anayechoma mzigo wa Sh milioni 3 ili asamehewe Sh180,000. Hofu ya kweli ni nyingine, ya watu ambao hawakuwapo sokoni kujiandikisha baada ya moto. Hiyo ipo, tumeiona kwenye kila ugawaji wa vizimba. Lakini dawa yake serikali inayo mkononi. Mauzo ya mwenye EFD yamo kwenye mtambo wa TRA, hayakuungua pamoja na mashine. Manunuzi yake kwa wauzaji wa jumla yamo pia pale muuzaji alipoandika TIN, namba ya mlipakodi, ya mnunuzi kwenye risiti. Ushuru wa soko siku hizi unakatwa kwa mashine za halmashauri na una kumbukumbu. Leseni ya biashara ina kumbukumbu. Wanaodai mama huyu hana ushahidi wanasahau kwamba nakala ya ushahidi wake wanayo wao.

Na gharama? TRA ilikusanya zaidi ya Sh trilioni 32 katika mwaka wa fedha 2024/25. Kodi ya makadirio ya wenye vizimba vya soko moja, hata kubwa, ni tone kwenye kiasi hicho. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2018 serikali ilikwishaonyesha kwamba inajua kusamehe kwa jumla, ilipotangaza msamaha maalumu wa riba na adhabu hadi asilimia 100 kwa waliokuwa na malimbikizo. Wengi walionufaika hawakuwa wameunguliwa na chochote. Walikuwa wamechelewa kulipa. Kama aliyechelewa alistahili, aliyeunguliwa anastahili mara mbili.

Kuna kitu kingine ambacho wenye maamuzi pengine hawakioni kwa sababu hakimo kwenye fomu zao. Aliyeunguliwa hawezi kusubiri soko jipya. Wateja watahama. Kwa hiyo anatafuta fremu mitaani, na Kariakoo fremu haipatikani kwa pango peke yake. Kuna kilemba, pesa ya kuachiwa fremu, ambacho mara nyingi hakina risiti. Kuna pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwenye pango hilo mpangaji anatakiwa akate asilimia 10 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, na wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari hiyo, wanataka pango lao kamili, kwa hiyo zuio linatoka mfukoni mwa mpangaji. Mkataba mpya una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Leseni ya eneo jipya inahitaji cheti cha TRA kwamba hadaiwi, na kumbe anadaiwa ile awamu ya Septemba. Amekwama. Hana leseni kwa sababu anadaiwa, anadaiwa kwa sababu hana biashara, hana biashara kwa sababu hana leseni. Mtu akiwa kwenye kona hiyo ndipo wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wanapomkuta, na mkopo wa wiki mbili unageuka kuwa wa maisha. Kifungu kimoja kinachosema kwamba deni la kodi lililosimamishwa kwa sababu ya moto si deni kwa ajili ya leseni kingemfungulia njia siku hiyo hiyo, na ushuru wa stempu kwa mkataba wa kwanza baada ya moto ungefutwa bila mtu kuumia.

Naligusa la bima kwa kifupi kwa sababu kila mjadala wa moto huishia hapo. Sheria ya Fedha ya 2022 ilifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara, na ni hatua nzuri. Ila bima ya jengo hulipa jengo. Mzigo wa mpangaji unahitaji bima yake mwenyewe, na mpaka siku bima hiyo itakapokuwa ya bei ya mwenye meza, hoja ya bima haiwezi kutumika kumnyima nafuu.

Lazima pia niseme mahali ambapo nafuu ya kodi haifiki. Machinga na mama lishe wenye mauzo chini ya Sh milioni 4 hawalipi kodi ya mapato, kwa hiyo kuwasamehe kodi hiyo ni kuwapa hewa. Hao, ambao kwenye masoko yetu ni wengi na ndio wanaopoteza kila kitu kwa asilimia 100, wanahitaji pesa mkononi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo kisheria. Ingewezekana kabisa kutenga fungu la waliounguliwa, lisilo na sharti la kuanza kuunda kikundi upya na kusubiri mafunzo. Na ushuru wa soko wa siku wakati wanapouzia mahali pa muda usitozwe. Ni Sh500 au Sh1,000 kwa mtu, najua, lakini mtu anayeanza na beseni moja la nyanya anaiona pesa hiyo vizuri.

Wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma Mei 2023, wakagoma tena Juni 2024, na mara zote mbili kodi ilikuwa katikati ya malalamiko. Oktoba 2024 Rais alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mjadala umekuwa mpana, kuhusu utitiri wa tozo, kuhusu EFD, kuhusu namna maofisa wanavyoingia madukani. Ningetamani moto uwe na ukurasa wake kwenye mjadala huo. Watu wanaolipa tozo ya ukaguzi wa zimamoto, wanaolipa ushuru, wanaolipa kodi, wana haki ya kujua kabla ya moto kwamba serikali iliyokuwa mbia wao siku za mauzo itabaki mbia siku ya hasara.

Muswada wa Sheria ya Fedha husomwa Juni, na sheria huanza kutumika Julai 1. Jumuiya ya wafanyabiashara wakienda Dodoma na kifungu kilichoandikwa tayari, cha aya tatu au nne, kazi ya waandishi wa sheria inakuwa nyepesi. Wakati huo huo kuna jambo lisilohitaji Bunge. Uongozi wa kila soko, Tandika, Buguruni, Mabibo, Tandale, Temeke Stereo, Mbagala Rangi Tatu, uweke orodha ya kila mwenye meza na kizimba, jina lake, TIN yake kama anayo, namba ya simu, aina ya biashara, na nakala ikae nje ya soko, halmashauri na TRA. Mpangaji akihama, orodha ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Ni kazi ya karani mmoja mwenye kompyuta, na inaweza kuanza Jumatatu.